Sayansi Inayolipa: Mwongozo kwa Familia za Kilwa na Pwani ya Lindi

Programu ya sayansi na teknolojia kwa wanafunzi wa sekondari, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni mafunzo, mashindano au kazi ya utafiti inayofanyika nje ya vipindi vya kawaida vya darasani, ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha sita, au aliyehitimu karibuni, hushiriki kwa kuteuliwa na shule au kwa kuomba mwenyewe. Baadhi ya programu hizo humlipa mshiriki, nyingine humgharamia bila kumpa fedha mkononi, na nyingine humtoza. Katika pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi Mjini, kushindwa kuzitofautisha aina hizo kunaweza kuleta hasara ya pande mbili, kwa kuwa familia moja huacha nafasi ya bure ikidhani kwamba ada imefichwa mahali fulani, na nyingine huuza ufuta wa msimu mzima ili kulipia semina ya siku chache ambayo haimwachii mtoto kitu zaidi ya cheti chenye rangi nzuri.

Fedha za programu humfikia mwanafunzi kwa njia nne. Zawadi ni fedha au kifaa anachopewa mshindi baada ya kazi yake kupimwa na majaji, na asiyeshinda hapati. Posho ni kiasi kidogo kinachotolewa kwa washiriki wote ili kufidia nauli, chakula na malazi, nayo haikusudiwi kubaki mfukoni. Ufadhili wa masomo ni ada na gharama za kujikimu ambazo mfadhili huahidi kubeba kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya fedha hizo huenda moja kwa moja chuoni au shuleni. Ujira, ambao ndio wengi huufikiria wanaposikia kwamba programu inalipa, ni malipo ya kazi kwa mujibu wa mkataba, na hapa ndipo mzazi anapopaswa kuelewa sheria kabla ya kusikiliza ahadi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, inaruhusu kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala masomo kwa aliyefikisha umri huo, na inazuia mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani, kama baharia melini au mahali pengine penye mazingira ya hatari, isipokuwa pale ambapo kuwapo kwake ni sehemu ya mafunzo yanayotambuliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inafuata mwelekeo huohuo. Kwa sababu hiyo mtambo wa gesi, karakana ya meli au kiwanda cha samaki hakiwezi kumpa mwanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya mshahara na kuiita programu ya sayansi, na anayetoa ahadi ya namna hiyo ama haijui sheria ama anaijua na anategemea kwamba mzazi haijui. Ujira halali huanza kuwa jambo la kawaida baada ya mwanafunzi kutimiza miaka 18, na kwa wengi wakati huo huangukia baada ya kidato cha nne au cha sita. Kabla ya hapo, mtoto wa sekondari nchini Tanzania hulipwa zaidi kwa zawadi, kwa posho na kwa ufadhili.

Mfano wa karibu zaidi wa programu ya namna hiyo ni Young Scientists Tanzania, ambayo kwa kifupi huitwa YST. Ilianzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, ikafanya maonesho yake ya kwanza ya kitaifa mwaka 2012, na ilichukua mfano wake kutoka Ireland, ambako mashindano ya wanasayansi chipukizi yamefanyika tangu mwaka 1965. Utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hauhitaji mtaji. Wanafunzi wachache wa shule moja huungana chini ya mwalimu mlezi, huchagua swali linalohusu jamii yao, huandika andiko fupi la mradi, na andiko hilo likikubaliwa huendelea na utafiti hadi wanapoitwa kwenye maonesho, ambako husimama mbele ya bango lao na kuulizwa maswali na majaji wanaotoka vyuoni na katika taasisi za utafiti. Miradi hushindanishwa katika makundi ya fizikia, kemia na hisabati, ya baiolojia na ikolojia, ya teknolojia, na ya sayansi ya jamii. Washindi hupata zawadi za fedha na vifaa, na wale wa juu kabisa wamekuwa wakipewa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu na Karimjee Jivanjee Foundation. Kundi la sayansi ya jamii husahauliwa mno na walimu, ilhali ndilo linaloweza kushindaniwa na shule ya kata isiyo na maabara, kwa kuwa chombo chake kikuu ni dodoso lililoandikwa kwa uangalifu na idadi ya kutosha ya watu waliohojiwa.

Zipo njia nyingine za kitaifa. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana kama MAKISATU, yalianzishwa na Wizara ya Elimu mwaka 2019, nayo huzipa shule za sekondari kundi lake, pamoja na kundi la wabunifu wasiokuwa katika mfumo rasmi, ambamo fundi kijana wa Nangurukuru aliyeacha shule anaweza kuingia bila kuulizwa cheti. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, yaani UCSAF, umekuwa ukiandaa mafunzo na mashindano ya TEHAMA kwa wasichana wa sekondari za serikali sambamba na Siku ya Kimataifa ya Wasichana na TEHAMA, ambayo huadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi Aprili, na washindi hutuzwa kompyuta na vifaa vingine. Technovation, shindano la kimataifa la wasichana wanaobuni programu za simu, halitozi ada, na nchini limekuwa likifikiwa kupitia taasisi kama Apps and Girls ya Dar es Salaam. Aidha, shindano la insha la SADC kwa shule za sekondari, ambalo mada zake mara nyingi hugusa viwanda, nishati, maji au teknolojia, hutoa zawadi za fedha taslimu katika ngazi ya nchi na ya kanda, na gharama yake yote kwa mwanafunzi ni karatasi, kalamu na muda wa kusoma. Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika, hilo la mwisho linafaa kutangulizwa.

Programu hizo zote zina tabia moja ambayo matangazo yake huieleza kwa nadra, nayo ni kwamba hulipia kazi iliyokwisha kufanyika. Tangazo linapofika shuleni, muda uliobaki huwa wa wiki chache, na mwanafunzi anayeanza kutafuta swali siku hiyo hushindana na aliyekuwa na daftari la vipimo vya miezi sita. Ushauri wenye thamani kuliko mwingine wowote kwa walimu na wazazi wa Kilwa na Lindi kwa hiyo ni kutosubiri tangazo, na kuanza kazi na vitu vilivyopo mlangoni, kwani katika jambo hili pwani ya Lindi ni tajiri kuliko wakazi wake wengi wanavyodhani.

Utajiri huo unaanzia chini ya ardhi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani, wakitegemea nguvu za mamia ya wachimbaji na wapagazi Waafrika, walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, na mmoja wa wanyama hao, aliyeunganishwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Karibu karne moja baadaye, kundi la watafiti wakiongozwa na Paul Pearson, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, lilichoronga mashimo katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi na kupata magamba ya foraminifera, yaani viumbe vidogo mno vya baharini vyenye seli moja ambavyo hujijengea ganda la chokaa. Magamba hayo yalihifadhiwa vizuri kiasi kwamba mwaka 2009 yalitumika kukadiria kiasi cha hewa ya ukaa kilichokuwapo angani wakati barafu ya Antaktika ilipoanza kutanda, takriban miaka milioni 34 iliyopita. Mwanafunzi wa Pande anayetembea juu ya udongo huo kwenda shuleni hana uwezo wa kurudia kipimo hicho, lakini anaweza kulinganisha tabaka za udongo kwenye kingo za mto, uwezo wake wa kushika maji na kinachotokea kwa kuta za nyumba zilizojengwa juu yake. Ikumbukwe tu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua au kuondoa masalia bila kibali, na kwamba katazo hilo linaihusu mifupa ya kale kama linavyoyahusu magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mradi unaohusu magofu unaweza kufanyika bila kugusa jiwe lolote: wanafunzi huchanganya chokaa na mchanga kwa viwango mbalimbali, huumba matofali madogo, huyaacha yakauke kwa muda ule ule, kisha hupima ni uzito gani unaoyavunja, na matokeo yake huwa na maana halisi kwa mafundi wanaokarabati kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe.

Bahari inatoa maswali zaidi. Utaratibu wa kufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa ni jambo ambalo mwanafunzi wa kisiwani anaweza kulipima kwa mizani moja na daftari moja, mradi apime pweza wa diko lile lile, kwa mizani ile ile, kabla ya kufungwa na baada ya kufunguliwa, na alinganishe na mwamba ambao haukufungwa, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji na ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, kile ambacho wavuvi hukiita BMU. Mwani unaokufa maji yanapopata joto, mikoko inayokatwa kwa ajili ya boriti, visima vinavyogeuka chumvi wakati wa kiangazi, dagaa wanaooza kwa kukosa jua wakati wa masika, yote haya ni maswali ambayo mwanafunzi wa mji wa bara huyasoma kitabuni. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023 na ambayo gharama yake inazidi shilingi bilioni 260, itahitaji watu wanaoelewa barafu, ubora wa samaki na mitambo ya ubaridi, na anayeanza leo kupima ni saa ngapi samaki hukaa bila kuharibika katika aina tatu za vyombo vya kuhifadhia anafanya utafiti ambao soko lake linajengwa mbele ya macho yake.

Nchi kavu nayo ina korosho, zao linaloacha mabibo mengi yakioza mashambani na linalohitaji salfa dhidi ya ubwiri unga, na ina mvua ambazo hazitabiriki tena kama zamani. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani mwezi Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu katika eneo la Somanga na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Shule yenye kipima mvua cha kujitengenezea, ambacho ni chupa iliyonyooka, faneli na rula, ikiandika kiasi cha mvua kila siku saa tatu asubuhi kwa mwaka mzima, hupata takwimu ambazo hakuna jaji atakayezidharau, hasa zikilinganishwa na za kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kilicho karibu.

Ubora wa mradi hautegemei ughali wa vifaa. Majaji hutazama kama swali lina upande wa kulinganishia, kama kipimo kimerudiwa mara za kutosha, kama tarehe na makosa vimeandikwa bila kufutwa, na kama wanafunzi wenyewe wanaweza kueleza kwa nini matokeo yaliwakatisha tamaa. Mradi uliofanywa na mwalimu na kukaririwa na wanafunzi hugundulika katika swali la pili. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa mwaka 2004, huwavutia wanafunzi wengi wa Kilwa kuandika miradi ya gesi, na miradi hiyo kwa kawaida huwa dhaifu, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kuufikia mtambo na huishia kunakili maelezo. Swali la nyumba ngapi katika mtaa mmoja bado zinapikia mkaa, kwa gharama gani kwa wiki na kwa sababu zipi, lingempa nafasi nzuri zaidi.

Kalenda ya shule ina dirisha ambalo familia nyingi huliacha lipite. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai, hivyo mhitimu hubaki nyumbani takriban miezi saba. Nchini Kenya, benki ya Equity imelijaza pengo kama hilo tangu mwaka 1998 kwa kuwaajiri wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho wa sekondari, ambao hufanya kazi katika matawi ya benki kwa malipo kabla ya kwenda chuo kikuu, na fedha hizo zimewasaidia wengi kujinunulia mahitaji ya mwaka wa kwanza. Mpango wenye ukubwa huo haujazoeleka katika mikoa ya kusini mwa Tanzania. Kinachopatikana ni mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kwa vitendo kwa fundi au chuoni, ambayo serikali kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi huwalipia gharama vijana wenye umri wa kuanzia miaka 15, pamoja na kozi fupi za VETA Lindi katika fani kama umeme, uchomeleaji na kompyuta. Kijana aliyetumia miezi hiyo kujifunza kufunga paneli za umeme jua au kutengeneza simu huingia kidato cha tano akiwa na njia ya kujipatia fedha za likizo, na huielewa fizikia ya mikondo ya umeme kwa namna ambayo ubao peke yake hauwezi kuifundisha.

Katika miezi hiyohiyo mhitimu huwa na nafasi ya kufikiria upya machaguo yake, kwani TAMISEMI hufungua kwa muda mfumo wa Selform baada ya matokeo kutoka ili wanafunzi waweze kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, au kuchagua chuo. Idadi ya tahasusi iliongezwa kutoka 16 hadi 65 mwaka 2024, jambo lililowapa wanafunzi uhuru na kuwaletea mkanganyiko kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Anayelenga ufadhili wa sayansi anashauriwa kubaki na tahasusi ambazo vyuo vikuu vimezizoea, kama PCM yenye fizikia, kemia na hisabati, PCB yenye baiolojia mahali pa hisabati, au ile yenye fizikia, hisabati na sayansi ya kompyuta, isipokuwa pale anapokuwa amehakikisha kwamba kozi anayoitaka inaikubali tahasusi mpya. Kwa wasichana, serikali ilianzisha mpango wa kujenga shule moja ya sayansi ya bweni katika kila mkoa wa Tanzania Bara, na Lindi ni miongoni mwa mikoa hiyo.

Sababu ya kusisitiza tahasusi ni kwamba malipo makubwa kuliko yote ambayo sayansi humletea mwanafunzi wa Kitanzania hayatoki katika mashindano. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwagharamia kikamilifu wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi na kuchagua kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi au tiba katika vyuo vikuu vya nchini. Asiyefikia kiwango hicho huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao si zawadi na hurejeshwa kwa makato ya mshahara. Tangu 2023/2024 mikopo hiyo imewafikia pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu wa sayansi, uhandisi wa nishati, madini, usafirishaji na kilimo, na bajeti ya mwaka huohuo iliondoa ada kwa wanafunzi wa ngazi ya kati katika vyuo vya ufundi vya Dar es Salaam, Mbeya na Arusha. Kwa kijana wa Kilwa mwenye ufaulu wa wastani katika kidato cha nne, njia ya stashahada inaweza kumfikisha kwenye mshahara miaka miwili au mitatu kabla ya mwenzake aliyepitia kidato cha sita, na kampasi ya Mikindani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, iliyoko mkoa jirani wa Mtwara, inafundisha mambo ambayo yeye ameyaona tangu utotoni. Wazazi wengi bado huiona njia hii kuwa ya walioshindwa, na mtazamo huo unawagharimu watoto wao.

Programu za nje ya nchi huvuta macho zaidi na huhitaji tahadhari zaidi. Programu nyingi za Marekani zinazomlipa mwanafunzi wa sekondari ujira wa utafiti, zikiwamo nafasi za mafunzo kazini za NASA kwa waliofikisha miaka 16, huwataka raia wa Marekani, hivyo zinawafaa watoto wa Watanzania waliozaliwa huko na kubaki na uraia huo, na humpotezea muda aliyeko Masoko. Research Science Institute, iliyoanza miaka ya 1980 na ambayo sasa hufanyika katika chuo cha MIT, haitozi mafunzo wala malazi, lakini nauli hubaki kwa mwanafunzi au kwa taasisi iliyompeleka, na ushindani wake ni mkali mno. Nyingi kati ya programu zinazotangazwa kwa majina ya vyuo vikuu maarufu ni za kulipia, hutoza maelfu ya dola kwa wiki chache, na baadhi huendeshwa na kampuni zilizokodi mabweni ya chuo wakati wa likizo. Hata pale programu inapokuwa ya bure kabisa, mzazi atalazimika kulipa shilingi 150,000 za pasipoti na, kwa safari ya Marekani, dola 185 za maombi ya viza ambazo hazirudishwi ombi likikataliwa. Familia isifanye matumizi hayo kabla ya kuwa na barua ya kukubaliwa inayotaja wazi nani anabeba gharama ipi.

Semina za kulipia zilizopo nchini, hasa za roboti na za kuandika programu za kompyuta, hazipaswi kudharauliwa zote. Swali la kumuuliza mwandaaji ni saa ngapi mwanafunzi atashika kifaa kwa mikono yake mwenyewe, wanafunzi wangapi watagawana kifaa kimoja, na nini kitabaki shuleni baada ya wakufunzi kuondoka. Tanga, ambayo nayo ni mji wa pwani, ina kituo cha sayansi na teknolojia kinachoitwa STEM Park, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa shirika la Project Inspire na halmashauri ya jiji, na mfano wake ni hoja inayofaa kupelekwa mbele ya madiwani wa Kilwa, ambao halmashauri yao hupokea ushuru wa huduma unaotokana na gesi, kuliko kila mzazi kuchangishwa kwa semina ya siku tatu.

Utapeli una alama zake. Tangazo la kweli hutaja taasisi yenye ofisi inayofikika, humpitia mkuu wa shule au afisa elimu, na haliombi fedha ya kuhifadhi nafasi kwa namba binafsi ya simu. Ujumbe unaosema kwamba mtoto ameshinda ufadhili ambao hakuuomba, ukiambatana na haraka ya kulipia fomu kabla ya saa sita usiku, haustahili kujibiwa. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kwenda na ujumbe huo hadi ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri, ambako programu halali zinazohusisha shule kwa kawaida huwa na barua ya utambulisho.

Maandalizi ya nyaraka hucheleweshwa kuliko yote, na huku pwani, ambako watoto wengi wamezaliwa nyumbani au majina yao yameandikwa kwa tahajia tofauti kliniki, madrasani na shuleni, uchelewaji huo humwangusha mwanafunzi aliyefaulu. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe RITA mapema, kikiwa na majina yaleyale yaliyosajiliwa Baraza la Mitihani, kwa kuwa Bodi ya Mikopo hudai kihakikiwe na RITA kabla ya maombi, na kitambulisho cha NIDA kiombwe mara tu kijana anapotimiza miaka 18. Muda wa fedha nao upangwe kulingana na misimu: minada ya ufuta huangukia katikati ya mwaka, karibu na kuripoti kidato cha tano na kufunguliwa kwa maombi ya mikopo, na ile ya korosho huanza Oktoba, ikikaribia maandalizi ya Januari, kwa hiyo mzazi anayetenga sehemu ya kila msimu kwa ajili ya nyaraka na nauli hatalazimika kukopa kwa riba pale barua inapofika.

Safari nazo zina masharti yake. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na Dodoma, yanakofanyika mashindano mengi ya serikali, ni mbali zaidi. Mzazi ana haki ya kuuliza ni nani atakayesafiri na wasichana kama mlezi wa kike, watalala wapi, namba ya simu ya mwalimu ni ipi, na kama programu imeangukia mwezi wa Ramadhani, futari na daku vitapatikanaje. Waandaaji makini hujibu maswali hayo bila kuudhika, na wanaoudhika wamekwisha kutoa jibu.

Fedha ikipatikana, iwe ya zawadi au ya posho, hulipwa mara nyingi kupitia shule au kwa simu ya mzazi, kwa sababu laini za simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa ambacho mtoto hana. Makubaliano ya mgawanyo yafanyike kabla ya shindano na yaandikwe, yakitaja majina ya wanakikundi wote na sehemu ya shule kama ipo, kwani ugomvi wa zawadi ndogo umewahi kuvunja klabu nzuri za sayansi. Zawadi kubwa ifunguliwe akaunti ya benki ya mtoto inayosimamiwa na mzazi, na matumizi yake ya kwanza yawe orodha ya mahitaji iliyo kwenye fomu ya kujiunga na kidato cha tano, yaani godoro, sare, madaftari na nauli ya kwenda shule ambayo huenda ikawa mkoa wa mbali. Kiasi kisipotosha hayo yote, kikokotozi cha kisayansi na vitabu vya mazoezi vya tahasusi vinunuliwe kabla ya Julai, na simu mpya isubiri msimu wa korosho.